Mzigo Huu ni wa Nani?

Dada yetu mmoja hapa Gatina anamuuguza mumewe, mapafu yameharibika kabisa. Usiku mzee hulala ameketi, mashine ya oksijeni ikinguruma, naye mama yuko macho: stima ikipotea itakuwaje? Juzi akaniuliza, "Pasta, nimechoka. Je, hiyo ni dhambi?"

La, mama. Hata Eliya alichoka, na Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi na chakula (1 Wafalme 19).

Lakini swali linaturudia sisi. Katika Wagalatia 6, mstari wa 2 Paulo ataka tusaidiane mizigo. Mstari wa 5, kila mmoja ajibebee wake. Je, anajipinga? Hapana. Kigiriki kina maneno mawili: baros, uzito unaomlemea mtu, na phortion, mzigo wake wa kawaida. Kiapo cha ndoa ni mzigo wa huyu dada, na hajaomba kuutua. Kukesha kila usiku peke yake, huo ndio uzito wetu sote.

Tumemwombea, amina. Sasa nani atakesha Jumanne ili yeye alale? Nani atachangia tokeni za stima? Na ukienda kumpikia, jiko la makaa libaki nje. Moshi unamkaba mzee.