Anayehesabu Watu

Wakati wewe unapuliza chai ya asubuhi, askari magereza pale Gereza la Ukonga anahesabu watu. Anahesabu kwa sauti, anarudia. Hesabu ikipungua mtu mmoja, kila kitu kinasimama: uji, kazi za shambani, hata karandinga la kwenda mahakamani.

Wengi tunalijua Jeshi la Magereza kwa timu yake ya mpira, Tanzania Prisons ya Mbeya. Lakini limekuwepo tangu mwaka 1931, lilipotenganishwa na Polisi. Polisi akishakamata, kazi yake ina mwisho. Wa magereza ndipo anapoanza: kumlisha aliyekamatwa, kumpeleka zahanati, kumpa ujumbe kwamba mama yake amefariki. Na katika hao anaowalinda wamo mahabusu, watu ambao mahakama bado haijawatia hatiani. Funguo hazitofautishi. Yeye inambidi atofautishe.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela, zinazokataza kumtenga mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Usiku wa manane, mlangoni, ni askari mmoja na hasira zake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo, wala si kwenye kuta.

Kama una jirani askari magereza, leo akirudi toka zamu usimtanie kuhusu minyororo. Msalimie, umuulize zamu imekwendaje.