Baba wa Aleksanda na Rufo

Mei 2024 wengi wetu hapa Nairobi tulimwombea Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki jijini, aliyekuwa akipanda Everest bila oksijeni ya mtungi. Mawasiliano yalikatika, kisha mwili wake ukaonekana karibu kabisa na kilele. Familia yake iliamua asiteremshwe, maana kumfuata kule juu kungehatarisha maisha ya wengine. Uamuzi huo, ukiwa na matanga nyumbani, si wa moyo mdogo.

Kirui hakuwa peke yake. Kiongozi wake wa njia, Mnepali aitwaye Nawang Sherpa, naye hakurudi. Katika maombi niliyoyasikia wiki ile, jina hilo halikutajwa.

Himalaya hupandwa kwa migongo ya watu. Kabla ya barafu kuna siku nyingi za mabonde na vijiji. Ukitoka Lukla kuelekea Everest unashuka hadi mtoni, unavuka madaraja yanayoning'inia, unapanda hadi Namche, mita 3,440 juu ya bahari, na kote huko hakuna barabara ya gari. Mchele, mabati na mabegi ya wageni hubebwa na wanyama au na watu. Mbebaji huweka kikapu mgongoni, mkanda wake ukapita juu ya kichwa, kama akina nyanya wa Kinoo wanavyobeba kuni. Mkononi ana fimbo fupi yenye kishikio kipana. Akichoka huitegemeza chini ya kikapu, akapumua akiwa amesimama, kwa sababu mzigo ule ukishatua chini, kuuinua tena ni shughuli. Hata James Kagambi, mwalimu wetu mstaafu aliyekuwa Mkenya wa kwanza kufika kileleni, mwaka 2022, akiwa na miaka 62, alipanda pamoja na Masherpa.

Mwinjili Marko si mtu wa maneno mengi. Ndiyo sababu sura ya 15, mstari wa 21, hunisimamisha kila Kwaresima. Askari wanamkamata mpita njia atokaye shamba, wanamtwisha msalaba. Marko angeandika tu kwamba palikuwa na mtu, akaendelea na safari ya Golgotha. Lakini anatuambia ni Simoni wa Kirene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, tena ni baba wa Aleksanda na Rufo. Mtu aliyebebeshwa kwa nguvu, bila ujira, ameingia katika Injili pamoja na wanawe.

Hapa kwetu nako wapo wabebaji: alfajiri, kabla jua halijachomoza, Kangemi huwa tayari iko njiani. Wako wanaofuata Waiyaki Way kwa miguu hadi Westlands, wako wanaoshuka bondeni, wakavuka mto na kupanda kuelekea Lavington. Mjini, nje ya Marikiti, vijana wanasukuma mkokoteni wa viazi mlimani huku matatu zikiwapigia honi. Nimeketi katika sebule za Wakristo wema sana, wanaotoa zaka bila kukumbushwa, wakamtaja anayewafulia kwa miaka kuwa ni "yule mama fua", na anayewafungulia lango kuwa ni "soja".

Jumapili hii, kwenye maombi ya waumini, kila nyumba ilete karatasi yenye jina la mtu anayewabebea mzigo, na majina ya watoto wake. Usipoyajua, leo bado ni mapema kumuuliza.