Mwenye Vichwa Vingi: Juu ya Fundi Asiyeacha Kusoma

Wazee wetu wanasema elimu haina mwisho. Wazee wale wale wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi ni mwalimu, na mithali hizi nimezitumia zote mbili mbele ya darasa, ya kwanza kwa mtoto mvivu, ya pili kwa mtoto mwenye kutaka kugusa kila kitu, bila kujiuliza hata siku moja kama zinaweza kulala katika nyumba moja. Nilianza kujiuliza mwisho wa mwaka 2023, nilipoitwa pamoja na wengine kusikiliza maneno ya jirani zangu, hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Mke alimshitaki mume wake mbele ya familia kwa kosa ambalo sijalisikia pengine: mume anasoma kupita kiasi.

"Wengine, bwana yao banakunywaka," mama yule alisema. "Wangu, anasomaka. Mutu ya pombe, ata pasta anaweza kumuombea. Huyu nitamupeleka wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Huyu bwana ni fundi wa kompyuta. Alianza karibu mwaka 2004, wakati vijana walikuwa wanapanga mstari kwenye siber za Nyawera ili wafungue barua zao za intaneti, naye alikuwa anasafisha mashini na kufufua zile zilizokufa. Angeweza kubaki hapo. Lakini umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa ghafla, unaunguza mashini, na aliona kwamba asipojua umeme kazi yake itakuwa ya kuzika tu. Akasoma umeme, kisha batri, kisha pano za jua. Halafu wateja fulani wakamwita: intaneti yao ya setilaiti inapotea kila mvua ikinyesha. Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kubadilisha kebo bure. Yeye akaenda kusoma habari za mawimbi, akajifunza kwamba mawimbi ya setilaiti ya mzunguko wa juu, yale ya gigaherzi 12 hivi, yanadhoofishwa na matone ya mvua yenyewe, na kwamba sahani kubwa zaidi, iliyoelekezwa vizuri, inasaidia kuliko kebo mpya. Hapa kwetu, ambako mvua inaanza Septemba na kutuacha Mei, hilo si neno dogo.

Kisha mnara wa antena juu ya kilima ukaanza kuinama. Akasoma habari ya udongo, jinsi maji yanavyoingia chini na kuulegeza, jambo ambalo watu wa Bukavu wanalijua kwa msiba kuliko kwa kitabu. Akasoma hesabu za biashara, kwa sababu wateja walimuomba programu za kuweka hesabu naye hakujua tofauti ya deni na mkopo. Akasoma Kiingereza, maana maelezo ya mashini nyingi hayaandikwi kwa Kifaransa. Tarehe 13 Machi 2023 inchi yetu ikapata sheria yake ya mambo ya dijitali, akaisoma kifungu kwa kifungu. Na mwishowe akaanza kusoma vitu ambavyo hakuna mteja aliyeviomba: tarakimu zilitoka wapi, mithali za Kilega, maisha ya nyuki.

Ukimwuliza, atakuambia kila somo lilimpeleka kwa jingine, kama mtu anayefuata mto. Naamini. Lakini mto ule ulipita pia katikati ya nyumba yake. Alisoma usiku, wakati intaneti inakuwa nyepesi, na mega zilinunuliwa kwa pesa iliyokuwa imewekwa kwa masomo ya watoto. Mtoto wa pili alirudishwa nyumbani juma nzima. Baba alikuwa anajua kwa nini mvua inakula mawimbi, na hakujua kwamba mtoto wake hakuwa darasani.

Siku ile ya maneno, mmoja alimshauri aache, mwingine akatoa ile mithali ya mshika mbili. Mimi nilisema mazuri ya kimwalimu juu ya faida ya elimu, na ninaona haya nikiyakumbuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekataa faida ya elimu. Aliyeingia ndani ya jambo ni mjomba wa fundi, mzee aliyetoka Mwenga, ambaye alikaa kimya mpaka soda zikaisha.

"Mutoto wangu," akamwambia, "wewe uko napanda. Hiyo ni muzuri. Lakini unapanda na nani?"

Hapa inabidi nieleze, kwa vijana wetu wasiojua. Balega, wa Mwenga na Shabunda, na wa Pangi kule Maniema, hawakuwa na mfalme. Walichokuwa nacho ni Bwami, chama cha watu waliofundishwa, na heshima ya mtu ilitoka kwenye ngazi aliyofikia humo: Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio, hata Kindi iliyo juu ya zote. Siri za Bwami si zangu na sizitoi. Ninayoyasema hapa yaliandikwa na Mbelgiji Daniel Biebuyck katika kitabu chake cha mwaka 1973, ambacho kwenye jina lake aliweka maneno falsafa ya maadili, na kwa hilo namshukuru, maana wengi kabla yake waliona sanamu za pembe tu, wakazibeba Ulaya. Mkoloni alikuwa ameipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Serikali inayoogopa watu wazima wanaokaa kufundishana mithali, imejieleza yenyewe.

Katika Bwami mtu alikuwa mwanafunzi mpaka uzee. Na hakufundishwa somo moja. Kila kitu kilikuwa kitabu: gamba la kakakuona, mdomo wa ndege, fuvu la nyani, jani, kiti, sanamu ndogo ya mti. Kila kimoja kilikuwa na mithali yake, na kitu kile kile kikiletwa pahali pengine, pamoja na wimbo mwingine, kilisema neno lingine. Kakakuona, kwa mfano, anaheshimiwa kwa sababu magamba yake yanalaliana kama majani juu ya nyumba. Wazee wanasema yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka. Mnyama mmoja, na ndani yake ufundi wa nyumba na adabu ya jamaa.

Iko sanamu moja ambayo mjomba aliitaja. Inaitwa Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi. Ni sanamu yenye nyuso zinazotazama pande mbalimbali, na mithali yake inamsema kama mtu aliyeona tembo kwenye ng'ambo ya mto mkubwa. Maana yake ni mtu mwenye hekima, anayetazama huku na huku kabla ya kukata neno, asiyepitwa na jambo. Fundi alifurahi sana kusikia hivyo, akafikiri mzee amemtetea.

Mjomba akaendelea. Akasema vichwa vingi, lakini kiwiliwili kimoja. Akasema pia kwamba hakuna mtu aliyepanda Bwami usiku, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Ili upande, ndugu zako walipaswa kukusanya mali na chakula, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Na wangekusanyaje kwa mtu wanayemjua kuwa mgomvi au mwenye choyo? Kwa hiyo kila ngazi ilikuwa pia swali: huyu tunamjua anaishi namna gani? Na mke alikuwa na ngazi zake, Bombwa, Bulonda, Bunyamwa, zinazokwenda pamoja na za mume. "Wewe," mjomba akasema, "umefika Kindi ya mashini. Bibi yako umemuacha chini anashikilia ngazi."

Ninakiri kwamba maneno hayo yalinigusa kuliko kitabu chote cha Biebuyck. Lakini sikukubali yote, na sitaki msomaji afikiri kwamba zamani kila kitu kilikuwa sawa. Bwami ilikuwa na gharama kubwa. Mtu mwema asiye na mali wala ndugu wengi aliweza kubaki chini maisha yake yote, na mke alipanda kwa njia ya mume wake. Leo msichana wa Kadutu mwenye simu ya mkono wa pili anaweza kusoma umeme au sheria bila kuomba ruhusa ya ukoo. Hilo silitoi kwa mtu. Tena kuna tofauti nyingine ambayo mzee hakuiona: mithali ya kakakuona haizeeki, lakini alichojifunza fundi wetu mwaka 2004 juu ya mashini za siber, leo hakina mnunuzi. Mtu wa Kindi alisoma bila kuacha kwa sababu hekima ni nzito. Fundi anasoma bila kuacha kwa sababu pia akiacha atalala njaa. Tukimwambia "tulia", tunamwambia afe polepole.

Basi swali si kama asome somo moja au kumi. Mhandisi Thérèse Kirongozi na wenzake waliposimamisha roboti za kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, mashini moja ilibeba ndani yake umeme wa jua, ufundi wa chuma, kamera, taa nyekundu na kijani, pamoja na ujuzi wa namna dereva wa Kinshasa anavyofikiri, ambao labda ndio mgumu kuliko yote. Pale mshika mbili hakuponyokwa, kwa sababu zote zilishika kitu kimoja: watu wavuke barabara salama. Ninavyoona, jambo linaloharibika kwa mtu anayesoma sana ni pale ambapo hakuna tena mtu anayeweza kumuuliza, "Na hii, ni juu ya nani?" Kitabu hakiulizi. Intaneti haiulizi kabisa. Inakupa kingine juu ya kile. Mwanafunzi wangu ana mimi wa kumuuliza. Mimi nina wazazi wake. Fundi alikuwa amefika pahali ambapo anawazidi wote waliomzunguka, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu, isipokuwa mke wake, na yeye ikambidi aite mkutano ili asikilizwe.

Hukumu ya mjomba ilikuwa nyepesi kuitamka. Pesa ya masomo ya watoto iwekwe kwanza, mkononi mwa mama. Na kila kitu kipya ambacho mume anasoma, amweleze mke wake kabla ya siku kuisha, kwa lugha ya nyumbani. Fundi alilalamika: mambo mengine hayana maneno ya Kiswahili. Mjomba akamjibu, "Basi bado hujayajua."

Walianza vibaya. Mama aliniambia kwamba mwezi wa kwanza alikuwa anasinzia tu. Lakini yeye anauza sokoni, ana akili ya kuhesabu na ya kutazama watu, na polepole akaanza kumuuliza maswali ambayo mume hakuwa na jibu lake. Hapo fundi alirudi kusoma, safari hii kwa sababu ameulizwa.

Februari 2025, vita vilipofika mjini na benki zikafunga milango Bukavu, wateja wake wakubwa walipotea kwa juma moja. Vijana wengi wa ufundi wake, waliojua kazi moja vizuri, walibaki mikono mitupu. Nyumba ile ilikula kwa pano mbili za jua na batri kuukuu: mama akafungua meza ya kuchaji simu za watu. Batri zikaanza kufa haraka. Mume akapima, akahesabu, akasoma, hakuona kosa. Mama ndiye aliyeliona. Watu wa meza za pembeni walikuwa wanaacha simu usiku kucha, wakati hakuna jua, na batri za risasi zinavuliwa mpaka chini kabisa, nazo hazitaki kushushwa zaidi ya nusu. Lile la nusu, alilisikia kwa mume wake siku moja akiwa anachambua maharagwe. Fundi mwenyewe alikuwa amelisema na kulisahau.

Tangu hapo simu hazilali pale mezani.

Nilipita kwao hivi karibuni kurudisha nyundo. Bwana alikuwa ameketi mlangoni, anasoma habari za nyuki kwenye simu, namna nyuki mmoja anavyocheza ndani ya mzinga kuwaonyesha wenzake upande wa maua. Mama akatoka na sufuria, akasimama nyuma yake.

"Na nyuki, ni juu ya nani?"

Bwana akafikiri kidogo. "Hii ni juu yangu miye mwenyewe."

Mama akamwangalia, akasema, "Haya," akaingia ndani kuendelea na kupika.