Je, Kunyamaza ni Kukubali?



Sisi tunaokaa Singe hatuhitaji kuelezwa habari za ajali. Babati ni njia panda: magari ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida hukutana hapa, na pikipiki hupenya katikati yao usiku na mchana. Wengi wetu tumewahi kumpakia jirani aliyevunjika na kumkimbiza hospitali. Mwaka juzi zamu hiyo ilikuwa yangu. Hospitali tuliyokwenda sitaitaja, maana nia yangu si kuishtaki.

Kijana tuliyempeleka alikuwa ameumia mguu na mkono, lakini akili zake zilikuwa timamu. Alipokwisha kufungwa vidonda na kuchomwa sindano ya maumivu, mwuguzi alimjia na vifaa vya kupimia, akamwambia kwa upole, "Kaka, hapa tunawapima wote virusi vya UKIMWI. Na wewe tukupime, sivyo?" Kando ya kitanda tulikuwa tumesimama watu watano: mama yake, shemeji yake, majirani wawili na mimi. Kijana akatutazama mmoja mmoja. Hakusema neno. Akanyoosha kidole.

Baadaye mwuguzi alitutoa nje ili azungumze naye peke yake. Walikaa kitambo. Majibu hatukuambiwa, na hiyo ni haki. Lakini kabla hatujarudi Singe, wawili kati yetu walikuwa wamekwisha kujijibu wenyewe, wakihesabu dakika alizokaa mle ndani. Mimi niliwasikia, nami sikuwakanya. Mpaka leo sijui majibu ya kijana yule, wala si kazi yangu kuyajua. Najua tu kwamba miezi iliyofuata watu walimtazama kwa jicho lingine, naye akaacha kuja tulipo.

Tangu siku ile nimejiuliza: je, kijana yule alikubali kupimwa? Na je, ni vema hospitali kumpima kila aingiaye mlango wa dharura?

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia virusi. Aliyepimwa na kukutwa navyo alipewa habari ya msiba wake mwenyewe, basi. Ndiyo maana ilikuwa ni haki kabisa kumwacha mtu aamue mwenyewe kama anataka kujua au hataki. Aliyetaka, alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha ushauri nasaha. Asiyetaka, hakuna aliyemgusa.

Hali hiyo imebadilika. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa hizo bila malipo. Tangu mwaka 2016 utaratibu ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa, asingoje kudhoofika kwanza. Tena wataalamu wamethibitisha kwamba mtu anayemeza dawa zake vizuri, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Basi kujua mapema leo si msiba. Ni njia ya kuishi na kulea watoto.

Kwa sababu hiyo mataifa yaligeuza utaratibu. Mwaka 2006 Marekani ilishauri kwamba watu wazima na vijana wanaofika katika huduma za afya, pamoja na vyumba vya dharura, wapimwe kama jambo la kawaida, isipokuwa mtu akikataa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mganga asingoje mgonjwa aombe kupimwa, bali yeye ndiye ampendekezee. Nchi yetu ilifuata njia hiyo. Wengine wetu tunakumbuka Julai ya mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipopima hadharani Dar es Salaam kutuonyesha mfano.

Lakini mbona chumba cha dharura? Sababu ni nzito, na hasa inatuhusu sisi wanaume. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi na virusi, 83 hivi walikuwa wanajua hali yao. Karibu wote waliojua walikuwa wanatumia dawa. Waliobaki, kama 17, walikuwa wanaishi bila kujua, na wanaume ndio walio nyuma zaidi. Mama mjamzito hupimwa kliniki, tena kwa kila mimba. Baba haendi kliniki. Husikia mkewe yu salama, naye hujihesabu salama kwa mgongo wa mkewe, na hilo ni kosa, maana katika nyumba moja mmoja aweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo. Mwanaume wa namna hii huonana na mganga siku anapoanguka na pikipiki, au siku homa inapomzidi nguvu. Mlango wa dharura ndio mlango pekee apitao. Akiondoka bila kupimwa, huenda akarudi baada ya miaka akiwa amebebwa.

Tena upo wema mwingine katika kuwapimia wote. Mwuguzi akimchagua huyu na kumwacha yule, aliyechaguliwa huona ametuhumiwa: kwa nini mimi? Wakiulizwa wote, mzee wa kanisa na mwuza pombe, hakuna anayenyooshewa kidole. Kwa hiyo mimi nasema wazi: ni vema kila mgonjwa aambiwe habari ya kipimo hiki.

Hapo ndugu mmoja alinijibu, "Mzee, kama ni vema, kuuliza kwa nini? Presha wanatupima bila kuuliza. Sukari hali kadhalika. Wapime tu, wamalize."

Swali hili si la kupuuzwa. Kwa mganga, damu ni damu. Lakini nilimwuliza ndugu yule: umepata kusikia mke aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya presha? Umepata kusikia mpangaji aliyenyimwa chumba kwa sababu ya sukari, au mama lishe aliyekosa wateja kwa sababu hiyo? Akanyamaza. Tofauti ya kipimo hiki na vile vingine haimo katika damu. Imo ndani yetu sisi, katika vinywa vyetu na macho yetu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kumshurutisha mtu kupimwa, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja, kama vile amri ya mahakama, na inaagiza majibu yatunzwe kwa siri. Sheria hiyo haikutungwa kwa kuwa waganga ni wabaya. Ilitungwa kwa kuwa jirani yupo.

Basi nirudi kwa kijana wetu. Alinyoosha kidole, je, hakukubali? Fikirini alivyokuwa amebanwa. Kama angesema "Hapana, sista," mbele ya mama yake na shemeji yake, wote tungesema: ana jambo analolificha. Aliponyamaza, akapimwa, na sisi tukasimama kusubiri sura yake itasemaje. Akatae, amejitangaza, akubali, ametangazwa. Mtu aliyefungiwa njia zote mbili hakuchagua. Kunyamaza kwake hakukuwa kukubali. Kulikuwa ni kushindwa.

Kwa hiyo naona mambo manne yatakiwa ili kipimo hiki kiwe cha haki.

Kwanza, mgonjwa aulizwe kando. Pazia likivutwa na ndugu wakatoka nje, swali lile lile la mwuguzi huwa swali la kweli. Hata Bwana wetu alipoletewa yule kiziwi, Marko anatusimulia kwamba alimtenga na makutano kwanza, ndipo akamponya. Wala hao waliotengwa na mgonjwa hawakuambiwa kwamba ni watu wabaya.

Pili, aulizwe kwa wakati wake. Anayelia kwa maumivu atakubali lolote ili aachwe. Atulizwe kwanza. Aliyezimia atibiwe yale yaliyomleta, naye aulizwe atakapozinduka, isipokuwa kama mganga hawezi kumtibu ipasavyo bila kujua.

Tatu, neno "hapana" liwe na thamani. Akikataa, bado afungwe jeraha lake kwa mikono ile ile na kwa upole ule ule. Ruhusa ambayo ukiinyima unaadhibiwa si ruhusa. Na aliyekataa leo aweza kukubali kesho, kama jana hakudhalilishwa.

Nne, aliyekutwa na virusi aonyeshwe njia. Hapa Babati wengi ni wapita njia. Kumwambia abiria wa Singida kwamba ana virusi, kisha kumwacha apande gari lake bila kujua kliniki ya kwenda, ni kumwongezea jeraha la pili juu ya lile la ajali. Naye aliyekutwa salama aambiwe kwamba maambukizi ya majuma machache yaliyopita huenda yasionekane bado, na kwamba arudi kupima tena.

Mambo haya manne ni ya waganga. Lakini, ndugu zangu, lipo la tano, nalo ni letu.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tumeizoea sana katika kuwakemea wagonjwa. Mimi nauliza: ni nani aliyewafundisha kuficha? Hakuna mtu anayezaliwa anaficha maradhi. Hujifunza siku anapoona mwenzake alivyotendwa. Kanisa letu la Anglikana lina shahidi katika jambo hili. Kasisi Gideon Byamugisha wa Uganda alifiwa na mkewe mwaka 1991, akapima, akajua kwamba naye ana virusi. Mwaka 1992 akalitangaza jambo hilo waziwazi, wakati ambapo viongozi wa dini katika Afrika walikuwa hawathubutu, akaendelea kuhudumu kwa miaka mingi baada yake. Lakini tuangalie vizuri: alisema yeye mwenyewe, kwa wakati aliouchagua. Hakuna aliyemchungulia akihesabu dakika. Siri iliyotolewa na mwenyewe huwajenga wengi. Siri iliyoporwa humbomoa mwenyewe, na wote wanaoona hujifunza kuficha.

Basi kama twataka waume na vijana wetu wakubali kipimo wanapofika hospitali, tuanze hapa nyumbani. Tuache kumwuliza aliyetoka wodini, "Walikupima nini?" Tuache kukisia kwa wembamba wa mtu, kwa kliniki aliyoingia, au kwa siku aliyokosa kuja ibadani. Baba aliyepata kupima na mkewe awaambie wanawe kwamba ni jambo la kawaida. Siku tutakapoacha kuhukumiana, kipimo hiki kitakuwa karibu sawa na cha presha, na mwuguzi atauliza bila mtu kutetemeka. Hakuna sheria itakayotufanyia kazi hiyo.

Kijana yule sijamwomba radhi bado, maana sijui nianze vipi bila kumtonesha. Lakini siku nitakapopata tena zamu ya kumsindikiza mgonjwa, najua la kufanya. Akisha kupokewa, nitawaambia wenzangu tutoke nje kabla ya kuambiwa, tukae mbali na dirisha. Naye akitoka tutamwuliza jambo moja tu: kama anaweza kutembea, au tumshike mkono.