Masuke Yaliyobaki Shambani ni ya Nani?

Ndugu msomaji, nataka kukuuliza swali moja. Lakini kwanza nikueleze lilivyonijia, kwa sababu halikunijia kitabuni bali njiani, nikiwa pamoja na watu wa nyumba yangu.

Ilikuwa Jumapili, wakati wa mavuno ya mpunga. Baada ya Misa tulikula, halafu tukavuka mto Lualaba kwa mtumbwi, kutoka Kindu mjini mpaka upande wa Alunguli, ili tutembee mashambani: mama yangu mzazi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mimi. Hatukwenda kufanya kazi. Tulikwenda kutazama tu, kama mtu anavyokwenda kumwamkia mgonjwa aliyepona. Mpunga wa kwetu Maniema kwa sehemu kubwa haupandwi majini. Hupandwa katika nchi kavu, penye msitu uliofyekwa na kuchomwa moto, nao hungojea mvua. Kwa hiyo njia yetu ilipita katikati ya visiki vyeusi na miche ya mihogo, na pande zote mbili masuke yalikuwa yameinama, mengine ya manjano, mengine bado yana ubichi. Katika vibanda watoto walikuwa wakipiga kelele na kutupa mawe, maana ndege hawana Jumapili.

Binti yetu mdogo akanyosha mkono katika shamba la mtu, akakwanyua masuke mawili, akayasugua mikononi, akaanza kutafuna. Mama yake akamkemea: "Acha! Huo ni wizi!" Mama yangu akacheka, akasema: "Mwanangu, mwache. Mkono wa mtoto haumalizi shamba."

Nami, kwa kuwa ni katekista, nikaona nafasi ya kufundisha. Nikawaeleza kwamba Sheria ya Musa inampa ruhusa mwenye kupita katika shamba la mwenzake akwanyue masuke kwa mkono, ila asitie mundu. Nikaongeza kwamba wanafunzi wa Bwana wetu Yezu Kristu walifanya hivyo walipoona njaa, na Mafarisayo waliowashitaki hawakusema kwamba wameiba. Walisema kwamba wamevunja Sabato. Nilifundisha vizuri. Mke wangu aliridhika, na mtoto akaendelea kutafuna.

Tukafika shambani kwetu. Nusu ilikuwa imekwisha vunwa. Katika nusu hiyo tukamkuta mama mmoja, mtoto mgongoni, ameinama katikati ya mabua, anaokota masuke yaliyosahauliwa na wavunaji. Kikapu chake kilikuwa hakijafika nusu. Sikufichi, ndugu msomaji: moyo wangu uliwaka. Sikumwita mwizi, maana nilikuwa nimetoka kufundisha kinyume chake. Nikatafuta silaha nyingine, nikaipata. Nikamwambia: "Mama, leo si Jumapili?"

Hakujibu neno. Alimwaga masuke yote juu ya mabua, akachukua kikapu chake kitupu, akaenda zake. Ndipo binti yangu akaja mbele yangu, akafungua kiganja chenye punje chache zilizobaki, akaniuliza: "Baba, na mimi nizirudishe?"

Hapo nilijua nimesimama mahali gani katika Injili. Sikuwa upande wa wanafunzi. Nilikuwa nimeichukua amri ya tatu ya Mungu ili nilinde mpunga ambao mimi mwenyewe nisingerudi kuuokota.

Basi swali ni hili: masuke yaliyobaki shambani ni ya nani?

Wengi watajibu: ni ya mwenye shamba. Yeye ndiye aliyefyeka msitu, akachoma, akapanda, akapalilia, akalinda ndege. Huyu mwingine alikuwa wapi? Jibu hilo lina nguvu, wala silidharau. Mjane anayekuta asubuhi shamba lake limevunwa usiku ameibiwa kweli, na aliyefanya hivyo amevunja amri ya saba. Mtu asitumie maneno yangu kumtetea mwizi wa usiku.

Lakini tutazame vizuri Maandiko. Katika kitabu cha Walawi Mungu anamkataza mwenye shamba asivune mpaka ukingoni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka; ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Angalia: haambiwi awape, anaambiwa awaachie. Tofauti ni kubwa. Anayepewa hana budi kuja mlangoni, kuomba, kungoja, kushukuru. Anayeachiwa huja na kikapu chake, huinamisha mgongo wake, hufanya kazi, hurudi nyumbani na heshima yake. Ndivyo alivyofanya Ruthu, mjane na mgeni, katika mashamba ya Betlehemu. Naye Boazi, mwenye shamba, hakumpa ruhusa tu. Aliwaagiza watu wake wasimwaibishe. Tena tukisoma ukoo wa Bwana wetu katika Injili ya Matayo, twakuta jina la Ruthu humo. Mwokozi wetu amezaliwa katika ukoo wa mama aliyeokota masuke katika shamba lisilo lake. Je, kama Boazi angemfukuza?

Walimu wa Kanisa wamelieleza jambo hili wazi. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alifundisha kwamba tajiri anayemsaidia maskini hamgawii kilicho chake, bali anamrudishia kilicho cha maskini. Na Papa Paulo wa Sita aliyakumbusha mafundisho hayo mwaka 1967, katika barua yake Populorum Progressio. Mtakatifu Tomaso wa Akwino asema kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake, lakini yale yanayowazidia wenye wingi yanawapasa maskini kwa haki, wala mwenye shida kubwa iliyo wazi hatendi wizi akitwaa cha kumwokoa.

Nasi watu wa Maniema tuna sababu nyingine ya kutosema "changu" kwa haraka. Mpunga wenyewe ni mgeni kwetu. Ulienea huku katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, wakati wa Tippu Tip, palipokuwa na makao yao makubwa Nyangwe na Kasongo. Na wengi waliolima mashamba yale walikuwa watumwa. Baadaye serikali ya Wabelgiji, kwa amri ya mwaka 1917, iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyotakiwa, hata siku 60 kwa mwaka. Na kwetu mpunga ulikuwa mmojawapo. Babu zetu walivuna, na faida ikaenda kwa wengine. Mtu ambaye jamaa zake walikatazwa kuonja jasho lao, atamkatazaje mwenzake masuke yaliyosahauliwa?

Sasa mwenye akili atauliza: mpaka uko wapi? Ukiwaruhusu kuokota, kesho hawatakata hata yaliyosimama? Musa aliweka mpaka wa mkono na mundu. Kwetu mpaka huo hautufai, kwa sababu hata mwenye shamba huvuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke. Mimi naona mpaka ni huu: yaliyosimama ni ya aliyelima, mpaka awe amekwisha pita. Akiisha kupita, kilichobaki nyuma ya mgongo wake ni cha mwenye shida. Mwenye shamba asigeuke nyuma. Na mwenye kuokota asimtangulie. Kila mmoja akishika upande wake, hapana wizi na hapana aibu.

Tena tuangalie ni nani tunayemwita mwizi. Mnunuzi anayepima kwa kopo lenye kilele anaponunua kwa mkulima, kisha analisawazisha anapouza sokoni, twamsalimu kwa heshima. Mama mwenye nusu kikapu twamtolea macho.

Jioni ile, tulipokuwa tukirudi mtoni, mama yangu alisema neno moja tu: "Mwanangu, tangu mpunga ulipotia maziwa ndege wamekula kwako, na wao hukuwauliza habari za Jumapili." Nikanyamaza, maana sikuwa na jibu.

Kesho yake nilimtafuta yule mama mpaka nikampata. Nilikwenda pamoja na binti yangu, ili aliyeyasikia maneno yangu ya kwanza ayasikie na ya pili. Nilikiri kwamba nimemkosea, nikamwambia mlango wa shamba uko wazi. Aliitika kwa upole, lakini macho yake hayakunitazama. Hakurudi shambani kwetu msimu ule, na masuke yale yakaliwa na panya. Nimeungama dhambi hiyo na Mungu amenisamehe. Lakini njaa ya siku ile, ambayo yale masuke yangeiondoa, siwezi kuirudia nikaiondoa.

Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, mavuno yanapokuja, tuwaagize wavunaji wetu wasisafishe ukingo wa shamba, nasi wenyewe tupite mara moja tu. Na tukimkuta mtu ameinama nyuma yetu, tumsalimu, tuendelee mbele.