Kidonge cha Mediator na Mwanaume Mwenye Kitambi

Mwaka 1976 kampuni ya Servier ya Ufaransa iliingiza sokoni kidonge kilichoitwa Mediator. Kilikusudiwa kuwasaidia watu wenye mafuta mengi kwenye damu, hasa yale yaitwayo trigliseridi, na baadaye wagonjwa wa kisukari waliozidi uzito. Dawa kama hiyo mtu huimeza bila wasiwasi: daktari ameiandika, bima inailipia, na mafuta ya damu yakipungua anajiona moyo wake umelindwa. Mediator iliondolewa sokoni Novemba 2009. Kufikia hapo watu wapatao milioni 5 walikuwa wameitumia, na wataalamu waliokuja kupiga hesabu walikadiria kuwa iliua watu kati ya 500 na 2,000 hivi.

Nawasimulia habari hii wanaume wenzangu kwa sababu kubwa. Zamani kitambi kilikuwa ishara ya mtu aliyepata. Leo mwenye kitambi anaambiwa na daktari kuwa presha imepanda na lehemu imezidi, akitoka hapo anafungua simu yake na kukuta matangazo ya vidonge, majani ya chai na sindano, yote yakiahidi tumbo kuisha. Hofu yake ni ya haki kabisa. Wanaume hupatwa na maradhi ya mishipa ya moyo mapema kuliko wanawake, kwa wastani miaka kumi hivi, na mafuta yanayojikusanya tumboni ndiyo mabaya zaidi kwa mishipa hiyo. Ila hofu ya haki ndiyo inayomfanya mtu ameze kitu asichokijua.

Turudi kwenye kile kidonge. Kiini chake kiliitwa benfluorex. Kikiingia mwilini, ini hukivunjavunja, na moja ya mabaki yake ni kemikali iitwayo norfenfluramini. Hii hupunguza hamu ya kula, ndiyo maana madaktari wengi wa Ufaransa walianza kuwaandikia Mediator hata watu wasio na kisukari, waliotaka kukonda tu. Lakini norfenfluramini huziamsha pia seli za vali za moyo. Moyo una vali nne, milango midogo inayoipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Seli hizo zikiamshwa kwa muda mrefu, vali hunenepa, hukakamaa, zikashindwa kufunga sawasawa. Damu inavuja kurudi ilikotoka, moyo unalazimika kuisukuma upya damu ileile, na mgonjwa anaanza kuhema akipanda ngazi. Kuna waliofunguliwa kifua ili wawekewe vali za bandia. Wengine hawakuwahi kufika huko.

Linalouma zaidi ni kwamba hatari hii ilishajulikana. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza fenfluramini, dawa ya kukonda ambayo nayo humwachia mtu norfenfluramini mwilini. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walitoa taarifa ya wanawake 24 walioharibika vali baada ya kutumia fenfluramini pamoja na dawa nyingine iitwayo phentermine, na Septemba mwaka huohuo fenfluramini ikaondolewa sokoni. Mediator ikabaki. Mwaka 1999 daktari wa moyo wa Marseille aliripoti mgonjwa aliyeharibika vali akiwa anaitumia. Miaka michache baadaye ikaacha kuuzwa Hispania na Italia. Ufaransa ikaendelea.

Aliyevunja ukimya ni Irène Frachon, daktari wa mapafu katika hospitali ya Brest. Mwaka 2007 alimpokea mgonjwa mwenye shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu, na katika dawa alizokuwa akitumia akaona jina la Mediator. Akaanza kupekua mafaili ya hospitali, akiwatafuta wagonjwa wa vali ambao chanzo cha ugonjwa wao hakikuwa kimejulikana, na jina la kidonge kile likawa linajirudia. Juni 2010 alichapisha kitabu ambacho jalada lake liliuliza ni wangapi waliokufa. Kampuni ikaenda mahakamani, na swali hilo likaamriwa liondolewe kwenye jalada. Miezi michache baadaye serikali yenyewe ilikuwa ikitoa makadirio ya vifo.

Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani Servier kwa udanganyifu na kwa kuua bila kukusudia, na mamlaka ya dawa ya Ufaransa nayo ikatozwa faini kwa uzembe wake. Desemba 2023 mahakama ya rufaa iliongeza adhabu: faini ikapita euro milioni 9, na kampuni ikaamriwa kuirudishia mifuko ya bima ya afya zaidi ya euro milioni 415. Mwasisi wake, Jacques Servier, alikuwa ameshafariki mwaka 2014.

Sasa tazama kilichowaponza wale wagonjwa. Majibu ya maabara hayakuwadanganya. Wapo ambao trigliseridi zao zilishuka kweli. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba kushuka huko kuliwaepusha na mshtuko wa moyo au kifo. Mafuta ya damu ni dalili moja tu kati ya nyingi, na dawa inaweza kuirekebisha dalili hiyo huku ikibomoa mahali ambapo hakuna anayepima. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sibutramine, dawa nyingine ya kukonda. Ilipunguza uzito, ila ilipandisha presha na mapigo ya moyo. Ilipojaribiwa kwa watu zaidi ya 9,800 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, wenye maradhi ya moyo au kisukari, wengi wao wakiwa wanaume, mshtuko wa moyo na kiharusi viliongezeka. Asilimia 11.4 ya waliopewa sibutramine walipatwa na tatizo kubwa la moyo au mishipa, dhidi ya asilimia 10 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani. Hata hivyo wakaguzi wa dawa wa Marekani wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai za kukonda zilizoandikwa kuwa ni za mimea pekee. Anayekunywa chai ya namna hiyo akiwa na presha hana habari kabisa na anachokunywa.

Sisemi kwamba dawa zote za uzito ni sumu. Sindano ya semaglutide ilipimwa kwa njia inayostahili. Utafiti uliochapishwa Novemba 2023 uliwafuatilia watu 17,604 wenye unene na maradhi ya moyo yaliyokwisha kuthibitishwa, wasio na kisukari, karibu robo tatu yao wakiwa wanaume. Kilichohesabiwa ni vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi, navyo vikapungua kwa asilimia 20. Huo ndio ushahidi ambao Mediator haikuwahi kuuonyesha.

Lakini hapa pana jambo ambalo wanaume wengi wanalikosea. Sindano hiyo hushusha trigliseridi vizuri, ila lehemu mbaya, ile LDL inayoziba mishipa, huipunguza kidogo tu. Katika utafiti ule, karibu tisa kati ya kila washiriki kumi walikuwa tayari wanatumia dawa za kushusha mafuta ya damu, hasa statini, na waliendelea nazo. Faida ya sindano ilijengwa juu ya statini. Mwanaume anayekonda kilo kumi, akajitazama kwenye kioo, kisha akatupa statini zake kwa kuwa suruali imelegea, amejiondolea kinga aliyokuwa nayo. Tena anayeikatisha sindano ghafla, kwa kukosa fedha au kwa kuridhika na umbo, ajue kuwa waliofuatiliwa baada ya kuiacha walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, na presha na mafuta ya damu yakaanza kurejea yalikotoka.

Ndugu yangu, kabla hujanunua chochote cha kupunguza tumbo, pima presha, sukari na mafuta ya damu, LDL ikitajwa peke yake. Mwulize daktari kama dawa hiyo imethibitika kupunguza mishtuko ya moyo, maana kupunguza kilo ni jambo jingine. Usinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni, na usiache statini bila kuambiwa na aliyekuandikia. Na ukianza kuhema kwa kazi ndogo, miguu ikavimba au moyo ukapiga mbio, nenda hospitali ukiwa na pakiti ya kila unachotumia, hata kile ulichokinunua kwa siri. Mwonyeshe daktari vyote.