Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa kichwani mwa mtu mwingine, huuona mwepesi kama umejazwa usufi, kumbe ndani yake mna mawe. Nimeifikiri methali hii mara nyingi kwa sababu ya kazi ya mikono yangu. Hapa Mshangano, katika Manispaa ya Songea, majirani hunijia jioni niwakande. Nilijifunza kwa marehemu mama yangu: maji ya moto, kitambaa, mafuta kidogo, na subira. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa swali ninaloliweka mbele yako, ndugu msomaji: je, ni wema kumpunguzia mtu maumivu ili kesho akaubebe tena mzigo uleule uliomwumiza?

Ruvuma yetu ni mkoa wa mahindi, na migongo inayonijia hufuata majira ya mahindi. Mvua zikianza, huja walioinama jembeni tangu alfajiri. Mavuno yakiingia, huja wapakiaji wa magunia. Kijana mmoja wa kazi hiyo aliniambia, "Bibi, nikande upesi, kesho kuna gari jingine." Gunia analopandisha garini lina kilo 100. Nilimkanda, akashukuru, akaenda zake. Swali likabaki kwangu.

Mgongo hufuata kanuni ya wenzo. Misuli inayouzuia uti wa mgongo usipinduke mbele iko karibu sana na pingili, tuseme sentimita 5. Ukishika mzigo wa kilo 20 ukiwa umbali wa sentimita 40 mbele yako, mzigo huo uko mbali mara 8 kuliko misuli. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 160, kabla hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Usogeze mzigo hadi sentimita 20, na nguvu hiyo hupungua kwa nusu. Ndiyo sababu huwaambia watu: kaa karibu na mzigo, kunja magoti, usijipinde kiuno ukiwa umeunyanyua bali geuza miguu, na ukilima simama mara kwa mara unyooshe mgongo.

Ushauri huo ni mzuri, lakini una mwiba ndani yake. Humtupia lawama mbebaji peke yake, kana kwamba ameumia kwa kuwa hakujua kunyanyua. Gunia la kilo 100 halina namna njema ya kunyanyuliwa na mtu mmoja. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55. Kijana wangu alikuwa akibeba karibu mara mbili ya hapo, na si yeye aliyelijaza gunia.

Hata sifa huweza kuwa mzigo. Mwaka 1986 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake Wajaluo na Wakikuyu wa Kenya. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Ni jambo la kustaajabisha, na ni fahari kwetu. Lakini tupige hesabu. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Tena kilichopimwa ni nguvu iliyotumika, si shingo inavyouma usiku. Tunaposema "wanawake wetu wana nguvu" kisha tukaketi kivulini, tumeligeuza gunia la mawe kuwa kanda la usufi.

Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi. Wenye mashamba walidai kwamba mtu akiinama hupalilia kwa uangalifu zaidi. Migongo ya vibarua iliharibika. Shauri likafika katika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Mboga ziliendelea kuota. Kipande cha mti kilichoongezwa kwenye mpini kilifanya kazi ambayo wakandaji elfu wasingeiweza.

Je, basi kukanda ni bure? La hasha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliuhesabu ukandaji miongoni mwa tiba zinazoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na elimu. Maumivu ni ya leo, na haki huenda ikachelewa. Kumnyima mtu mikono yangu kwa sababu mzigo wake ni wa dhuluma ni kumwadhibu yeye kwa kosa la mwingine. Ila mgongo ukiambatana na ganzi miguuni au mkojo usiozuilika, simkandi mtu. Namwambia aende hospitali siku hiyohiyo.

Lakini mikono inayokanda hujifunza. Inapogusa fundo kwenye bega la kulia, hujua kwamba huyu hubebea upande mmoja. Na anayejua ana deni. Nikishajua kinachomwumiza jirani, kunyamaza kwangu ni kumsaidia aliyemtwika.

Sisemi kijana aache kazi. Yeye mwenyewe aliniambia, "Gunia dogo, Bibi, ni pesa ndogo," kwa kuwa hulipwa kwa gunia. Kumwambia aache ni kumpokonya chakula kwa jina la afya. Neno langu ni kwa anayelipa: alipe kwa kilo, na gunia liwe la kilo 50, mahindi hayatapungua hata punje. Neno langu ni kwa baba mwenye baiskeli: ndoo ya maji yaweza kukaa kwenye baiskeli. Na kwa anayechonga mipini ya majembe: arefushe kidogo.

Kukanda ni huruma, nayo haina budi kuendelea. Kupunguza mzigo ni haki, nayo inamhusu kila anayejaza gunia, anayeagiza maji, anayepanga ujira. Basi, kabla hujamwita mwenzio mvivu kwa kuwa umemkuta ameshika kiuno, unyanyue kwanza mzigo wake.